Pikapu ya Baba, Injini ya Turbo na Nazi ya Mzaramo

Saa nne na dakika kumi asubuhi, Jumatano, katika karakana ya Fundi Jilala hapa Bariadi, nilifungua kitambaa cha kijani nilichokifunga kwa mikono yangu mwenyewe kule Dar es Salaam, nikakuta nazi. Nazi nzima, kavu, imefuliwa vizuri, na macho yake matatu yakinitazama. Mle ndani mlipaswa kuwa na kontrol boksi, kile kiboksi cha bati ambacho ndicho ubongo wa injini za siku hizi. Bila hicho, injini niliyoisafirisha kutoka Dar ilikuwa chuma cha kuzuilia mlango.

Tangu mambo haya yaishe, kila anayepita kibandani kwangu anauliza habari ya nazi, na wengine huanza kucheka kabla hawajakaa. Naandika mara moja, kwa mpangilio, ili nisirudie. Habari za kutafuta hela na karatasi naziruka. Na niseme mapema kwamba hasira yangu haijaisha. Anayetaka kisa cha kuchekesha akamuulize Shomari.

Kwa wasionifahamu, kazi yangu ni kutengeneza mizani ya pamba na pampu za kunyunyizia dawa. Sikusomea ufundi, nilijifunza kwa vitabu vya kuazima na kwa kuharibu vitu vyangu kwanza kabla ya kugusa vya watu. Pikapu inayozungumzwa ni ya marehemu baba, ya Kijapani, ya miaka ya sabini, aliyoinunua kwa fedha ya pamba wakati pamba ilikuwa pamba. Bloku la injini yake lilipasuka zamani, na spea zake hazipatikani tena. Ilikaa nyumbani Shishiyu, kuku wakataga kwenye viti.

Ukoo uliamua iuzwe chuma chakavu. Mimi nikapinga. Baba mkubwa Luhende, kaka yake baba na msemaji wa ukoo, akakata shauri hivi: niichukue, nikaitie injini ninayoijua mimi, kisha niilete Shishiyu Jumamosi ya kusimika msalaba kwenye kaburi la baba.

“Gari ni kama ng’ombe,” alisema. “Anayetembea ni mali. Asiyetembea ni nyama. Likiingia hapa kwa miguu yake, lako. Likiingia kwa kuvutwa, tunapima kilo.”

Hapo ndipo safari ilipoanzia.

Gerezani hadi Morogoro

Kabla ya kwenda Dar nilikuwa nimetengeneza injini ya mbao. Nilipata vipimo vya injini ninayoitaka, nikakata mbao, nikapigilia, nikaishusha ndani ya pikapu na kuona inagusa wapi. Ilikuwa inagusa kwenye shafti ya usukani na kwenye rejeta. Kwa hiyo Jilala alisogeza rejeta mbele, akachomelea vishikio vipya vya injini kwenye fremu, na vyote vikakaa tayari vikisubiri. Majirani walicheka kuona watu wazima wawili wakitia mbao kwenye gari. Walicheka, lakini siku injini ya kweli iliposhuka, ilikaa mahali pake bila kukata hata milimita.

Gerezani, kule Dar kwenye soko la spea, nilikwenda na fito nne nilizozitia alama za vipimo. Wauzaji wa injini za mtumba wakaniita Msukuma wa fimbo. Niliwaacha waite. Nilitaka dizeli ya turbo iliyokamilika: gia boksi yake, waya zake zote, pedali yake ya mafuta, swichi yake, ufunguo wake na kontrol boksi yake. Muuzaji wa kwanza aliniambia boksi nitaipata popote. Huo ni uongo, na yeye alijua ni uongo. Kwa injini za namna hii ufunguo na boksi vinajuana. Ukileta boksi la gari jingine, injini inakuona mwizi, inakataa kuwaka. Nilimwambia hivyo, akasema mimi ni mbishi. Wa tatu ndiye aliyenipa kila kitu, akaiwasha injini pale chini, ikiwa imelazwa juu ya matairi makuukuu, nikaisikiliza mpaka nikaridhika. Kisha nikalifungua boksi mwenyewe, nikalifunga kwenye kitambaa cha kijani, nikatia kwenye begi la kitambaa, na begi likawa magotini pangu.

Lori nililopanda lilikuwa la mabati na sabuni, linakwenda Lamadi na kuendelea Musoma. Dereva wake ni Shomari, mtu wa makamo, Mzaramo wa Kisarawe. Tulipomaliza kufunga injini nyuma kwa kamba, swali lake la kwanza halikuwa jina langu. Aliniuliza kabila.

“Msukuma,” nikasema.

“Alhamdulillahi. Leo nimepata mtumwa wa safari.”

Vijana wa leo huenda hawajui, kwa hiyo nieleze. Sisi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara ya kwenda pwani kwa miguu. Mtani anaweza kukutukana, kukuzuia njia, hata kukamata kitu chako mpaka ukikomboe, na huruhusiwi kukasirika. Msibani ndiye anayechekesha waliofiwa. Baba yangu aliupenda sana mchezo huu. Mimi sijawahi kuupenda. Kitu cha mtu ni cha mtu.

Shomari aliona kwamba sicheki, na badala ya kuacha akaongeza. Toka azaliwe hajaona Msukuma mwembamba; ugali wote ule unakwenda wapi? Alipekua mfuko wangu wa chakula, akakuta michembe, viazi vitamu vya kukausha alivyonipa mama, akauliza kama hizo ni soli za viatu. Kisha akazila, karibu zote, kabla hatujafika Chalinze. Nyuma ya kiti chake kulikuwa na gunia la nazi anazowapelekea marafiki wa bara. Nazi hizo zilikuwa zikigonga mgongo wangu kila tulipopita tuta.

Karibu na Morogoro askari wa barabarani alitusimamisha, akauliza mimi ni nani. Shomari akajibu, “Huyu nimemnunua Gerezani, afande. Risiti anayo mwenyewe.”

Nilimweleza askari kwamba risiti niliyonayo ni ya injini, si ya mtu, nikaitoa aione. Yule askari alicheka mpaka akaegemea lori. Nilikuwa nimejibu swali nililoulizwa. Mpaka leo sioni kilichomchekesha.

Dodoma hadi Singida

Kupita Dodoma tairi la nyuma lilipasuka, na jeki ya Shomari ilikuwa inavuja mafuta. Nusu ya siku ilipotea juani. Niliifungua jeki, nikakuta mpira wa ndani umeliwa, nikakata mwingine kutoka kwenye kandambili, ikashika. Shomari aliniambia kwamba kumbe mtumwa wake ana fani. Hakusema asante. Nilikumbuka kwamba hakusema asante, na niliweka akilini.

Singida ndiko ugomvi ulikoanzia, ingawa wakati ule sikujua kwamba ni ugomvi. Kila dereva anayepita Singida hununua kuku wa kienyeji. Wanawake waliinua kuku mpaka dirishani, kuku wanapiga kelele, bei zinatajwa. Shomari akazima injini, akanigeukia.

“Mtani, ninunulie jogoo.”

“Kwa sababu gani?”

“Kwa sababu mimi Mzaramo na wewe Msukuma, na hapa ni Singida.”

Nilimwambia nimemlipa nauli yangu na nauli ya injini, kamili, kabla ya kuondoka, na katika makubaliano yetu hapakutajwa jogoo. Wale akina mama dirishani wakaniangalia. Mmoja akasema kwa Kinyaturu neno ambalo sikulielewa, wenzake wakaguna.

“Baba yako angekuwa hai,” Shomari alisema polepole, “angekuchapa.”

“Baba yangu usimtaje.”

Akawasha lori. Hakutania tena mpaka Nzega, na mimi kwa ujinga wangu nikadhani amejirekebisha.

Nzega hadi Bariadi

Tulilala Nzega. Asubuhi tulisimama Tinde kunywa chai, na pale Shomari akaja akiwa na uso wa wasiwasi, akasema kamba za injini yako naona zimelegea, hebu kazitazame, wewe ndiye fundi. Tangu Gerezani begi lilikuwa halijaondoka magotini pangu. Nilikula nalo, nililala nalo kama mto. Lakini huwezi kupanda juu ya mabati na begi mkononi. Nililiacha kwenye kiti.

Kamba zilikuwa nne. Nilizikagua zote, fundo kwa fundo. Hakuna iliyolegea. Niliposhuka, begi lilikuwa palepale, zito vilevile. Nikalipakata.

Sasa mnajua. Mimi wakati ule sikujua, na hilo ndilo linalonichoma: alijua kabisa kwamba ukimwambia mtu wa aina yangu akague kamba, atakagua zote.

Tulipita Shinyanga, tukakata kulia Mwigumbi, tukaingia Maswa mchana. Msimu wa pamba ulikuwa umepamba moto. Tulipofika Binza tulikwama nyuma ya malori yaliyojaa marobota mpaka yakaegemea upande, na njia nzima ilikuwa na pamba nyeupe iliyonasa kwenye michongoma. Shomari alikuwa akiimba. Bariadi tuliteremsha injini jioni, vijana sita na gogo moja. Nilipompa mkono wa kwaheri aliushika muda mrefu kuliko inavyohitajika.

“Ukinikumbuka, mtani, nipigie.”

Nilimjibu kwamba sina sababu ya kumkumbuka.

Bariadi

Nazi ilipotoka kwenye kitambaa, Jilala aliitazama, akanitazama mimi, akaiweka polepole juu ya meza ya vaisi ya kubania vyuma.

“Umeibiwa, Baba Kulwa,” alisema.

Nilipiga simu ya Shomari. Haipatikani. Nikapiga tena na tena mpaka Jilala akaninyang’anya simu, maana nilikuwa nimeanza kuizungumzisha. Nikampigia mama kule Shishiyu, kumwambia kwamba huenda Jumamosi gari lisije, na nikamweleza sababu.

Mama akauliza, “Huyo dereva ni Mzaramo gete, wa kweli?”

“Ndiyo, mayu.”

“Alikuomba kitu ukakataa?”

“Jogoo.”

“Basi hujaibiwa. Umekamatwa.” Nikamsikia anamsimulia mtu pembeni, na huyo mtu akacheka. Nilikata simu. Sijawahi kumkatia mama simu.

Mpango wangu ulikuwa umepangwa hivi. Jumatano, kushusha injini. Alhamisi, mimi kuosha tangi la mafuta na kuunga waya. Ijumaa, kuwasha na kujaribu. Tangi lile lilikuwa la baba, la bati, na ndani lilikuwa na kutu ya miaka yote. Injini ya zamani ingeimeza kutu hiyo na kukohoa tu. Injini ya turbo ya siku hizi ina pampu na nozeli za mafuta zenye matundu membamba kuliko unywele, na kontrol boksi inayopima mgandamizo wa mafuta muda wote. Mafuta yakipungua kidogo, boksi linazima kila kitu ili kujilinda. Kwa hiyo tangi lilikuwa la lazima. Nilikuwa nimelipangia siku nzima.

Siku hiyo ndiyo Shomari aliyoichukua.

Bariadi hadi Lamadi na kurudi

Alhamisi asubuhi nilipanda gari la kwenda Lamadi, na nazi nikaibeba kama ushahidi. Njiani nilitunga maneno nitakayomwambia, nikayapanga, nikaondoa yale ambayo hayawezi kuthibitishwa.

Nilimkuta haraka. Lori lake lilikuwa linashusha mabati kwenye ghala, na yeye alikuwa mgahawani anakula sato na ugali, mikono imejaa. Aliponiona hakushtuka hata kidogo. Alimwambia mama wa mgahawa, “Huyu ndiye. Si nilikwambia atakuja leo?”

Nikaiweka nazi mezani. Nikasema maneno yangu yote. Nilimweleza boksi ni nini, pikapu ni ya nani, Jumamosi kuna nini, baba mkubwa amesema nini, na kwamba kila saa aliyokaa nalo ni saa ya tangi. Alisikiliza akitoa miba.

“Jogoo,” alisema nilipomaliza.

“Ulizima simu.”

“Nilizima makusudi. Ungepiga, ungenisimulia hayo yote, ningekuonea huruma nikageuza lori. Huruma inaharibu utani.”

“Huu ni wizi.”

“Mwizi angekuachia nazi?”

Nilikwenda polisi. Watu waliniambia baadaye kwamba hapo ndipo nilipokosea, lakini ningefanya hivyo tena. Zamuni alikuwa mama mmoja mwenye cheo cha koplo begani, Mkurya kwa matamshi yake. Shomari alinifuata kwa hiari, akinawa mikono njiani kwa maji ya chupa. Nilitoa maelezo yangu kwa utaratibu: mahali, namna, kitu, thamani. Koplo aliandika mstari mmoja, akasimamisha kalamu.

“Wewe kabila gani?”

“Afande, hilo halihusiani na shauri.”

“Nakuuliza.”

“Msukuma.”

“Na wewe?”

“Mzaramo, afande.”

Akaifunika kalamu. “Hapa hakuna mwizi,” alisema. “Hapa kuna deni la kuku. Nikifungua kesi hii, hakimu atanicheka mpaka nihamishwe. Tokeni.”

Nilimuuliza ni sheria gani inayosema mtu akiwa Mzaramo anaweza kuchukua mali ya Msukuma. Akasema haipo kwenye kitabu. Nikasema basi kama haipo kwenye kitabu haipo. Akasema, “Baba, nenda kanunue jogoo,” na akaita mtu aliyekuwa nyuma yangu.

Nje nilikaa kwenye jiwe. Jogoo Lamadi walikuwepo, na hela nilikuwa nayo. Lakini kukomboa kitu changu mwenyewe kutoka kwa mtu niliyemlipa nauli sikukubali, na sikukubali kwa muda mrefu, jua likipanda, huku Shomari amekaa kwenye jiwe la pili akivuta sigara. Mwishowe ni yeye aliyesimama. Alikwenda kwenye lori, akarudi na boksi limefungwa kwenye gazeti na juu ya gazeti mfuko wa plastiki, ili lisiingie maji. Akaniwekea mapajani.

“Chukua. Kuku nitamfuata mwenyewe Jumamosi, kwenye msalaba wa mzee.”

“Usije.”

“Mtani haalikwi.”

“Nimesema usije.”

“Nimesikia. Na nazi yangu ukae nayo, utapikia wali wa shughuli.”

Sikuaga. Gari la kurudi lilisubiri abiria mpaka alasiri, na dereva wake alinunua samaki kila kijiji.

Ijumaa

Tuliunga waya tangu alfajiri. Jilala alikuwa amemaliza yake yote: injini imekaa kwenye vishikio, gia boksi imefungwa, propela shafti imefupishwa, bomba la upepo la turbo limepita mbele ya rejeta kama tulivyochora. Nyaya za injini ya leo ukiziweka ndani ya gari la miaka ya sabini ni kama kumvisha babu suti ya harusi. Kila mahali panabana. Swichi ya zamani ya baba niliiacha kwenye dashibodi, haifanyi kazi yoyote, kwa sababu kidole gumba chake kilikuwa kimeilainisha.

Jua likikaribia kuzama nilizungusha ufunguo. Ikawaka mara ya kwanza. Ilivuta pumzi ile ya turbo, Jilala akatupa kofia yake juu ya bati la karakana, ikabaki huko. Na mimi kwa dakika moja nilisahau kukasirika.

Kisha nikatazama tangi. Kulitoa, kuliosha, kulikausha na kulirudisha kunataka siku, na siku hiyo ilikuwa imeliwa pamoja na sato Lamadi. Nilimwaga mafuta ya zamani, nikatia mapya, nikafunga kichujio kipya. Nilijua haitoshi. Nilimwambia Jilala haitoshi. Akasema labda Mungu atasaidia. Nikamwambia Mungu hachuji dizeli.

Bariadi hadi Shishiyu

Jumamosi tuliondoka mapema, mimi na Jilala. Kwenye lami ya kwenda Maswa pikapu ile ilitembea kama haijawahi kufa. Mlima ambao baba alikuwa akiupanda kwa gia ya pili na sala, tuliupanda tukiongea. Basi moja lilitupigia honi, na abiria wakatoa vichwa kuona kikongwe kinawapita.

Tulipoiacha lami na kuingia barabara ya vumbi, mitikisiko ilianza, na nikajua kutu inaamka. Mara ya kwanza injini ilipungua nguvu, ikarudi. Mara ya pili ilizimika. Nikafungua kichujio, nikakipuliza, kikatoka uji mwekundu. Tukaendelea. Mara ya tatu ilizimika mahali ambapo tayari naona bati la nyumba yetu, turubai la shughuli na watu wamesimama. Kichujio kilikuwa kimeziba kabisa. Boksi lilikuwa linafanya kazi yake: linalinda injini. Nilizungusha ufunguo mpaka Jilala akaweka mkono wake juu ya wangu.

Jirani mmoja alikuwa anapita na maksai wake wawili na mkokoteni wa pamba. Alitusalimu, “Mwadila,” akatazama gari, akafungua mkokoteni bila kuulizwa. Ndivyo pikapu ya baba yangu, yenye turbo, ilivyoingia nyumbani kwake nyuma ya makalio ya ng’ombe. Watoto walikimbia pembeni. Watu wazima walijaribu kutocheka kwa heshima ya kaburi, wakashindwa.

Baba mkubwa Luhende alikuwa amekaa kwenye kiti cha uvivu, fimbo magotini. Hakucheka. Naweza kusema alisikitika.

“Nyama,” alisema.

Nilieleza habari ya tangi. Nilieleza habari ya Alhamisi. Alisema ameelewa kila neno, na kwamba maneno hayana magurudumu. Mnunuzi wa chuma chakavu alikuwa amekwisha kufika na lori lake na mizani ya kuning’iniza. Niliitazama mizani ile mara moja nikajua inapunguza. Alikuwa ametaja laki tisa na nusu kwa lote, na vijana wake walikuwa tayari wanafungua mnyororo. Mama alikuwa mlangoni, kanga mdomoni.

Hapo Shomari alitokea jikoni akifuta mdomo. Alikuwa amefika asubuhi, kabla yangu, akajitambulisha kwa mama kuwa yeye ni mwenye mali, akapewa chai na viazi. Alipita katikati ya watu, akafungua mlango wa pikapu, akakaa kwenye kiti cha baba, akafunga mlango, akapandisha kioo.

“Nimekamata,” alisema kupitia ufa wa kioo.

Ua lote lilipasuka kwa kicheko. Baba mkubwa aliinuka na fimbo yake. “Wewe mla nazi, toka, gari limeuzwa.”

“Kwa nani? Marehemu ni mtani wangu. Nimekuja kumwekea msalaba nikakuta mali yake barabarani inavutwa na ng’ombe. Nimekamata. Komboeni kwanza, ndipo muuze.”

“Unataka nini?”

“Dume. La miaka mitatu. Jeusi.”

Dume la namna hiyo ni zaidi ya laki tisa na nusu, na kila mtu pale alijua. Mnunuzi wa chuma alisema yeye si Msukuma wala si Mzaramo, hayamhusu. Wazee walimgeukia kwa pamoja. Mmoja wao alimweleza kwa upole kwamba mtani akikamata kitu siku ya kaburi, hakitolewi kwa nguvu; hilo likifanyika, msalaba haujasimama. Yule bwana alisubiri kwa muda. Wazee walibishana na Shomari kuhusu rangi ya dume. Walikuwa wanafurahi. Baba mkubwa alikuwa anafurahi kuliko wote, huku akitukana kwa Kisukuma matusi ambayo sijayasikia tangu baba afe.

Mimi sikungoja. Nilimtuma Jilala kwa pikipiki Maswa akanunue kichujio kingine, nikaingia chini ya gari, nikatoa tangi. Nililala chali kwenye vumbi juu yangu kukiwa na matako ya Mzaramo anayeimba, na nikaliosha tangi lile kwa dizeli, kokoto na maji ya moto ya mama, nikalikausha juani, nikalirudisha. Alhamisi yangu niliifanya Jumamosi. Misa ilisomwa, msalaba ukasimikwa, watu wakala. Wali ulikuwa na nazi, na sitasema ulikuwa mbaya. Shomari alipelekewa sahani dirishani. Mnunuzi wa chuma aliondoka bila kuaga mtu.

Alasiri nilisimama kwenye mlango wa gari, nikagonga kioo. Akasogea kiti cha pili. Nilizungusha ufunguo mbele ya ukoo wote. Ikawaka. Nikazunguka nyumba mara mbili na kaburi mara moja, Mzaramo pembeni yangu akipungia watu mkono kama mbunge.

Baba mkubwa aliipitisha fimbo yake kwenye bodi, kutoka mbele mpaka nyuma, kama anavyompitishia ng’ombe anayemnunua.

“Limetembea,” alisema. “Lakini bado limekamatwa. Mwenye gari akomboe.”

Mwenye gari nilikuwa mimi. Shomari alishusha bei kutoka dume mpaka jogoo. Nikamkumbusha kwamba tayari ananidai mmoja. Akasema ndiyo, kwa hiyo ni wawili. Mama aliwakamata mwenyewe, na alinidai fedha taslimu, kwa sababu walikuwa wa mbegu, alisema, na hakuwa na utani na mimi.

Wengi mmeniuliza kama Shomari alikamata pikapu ili kuniokoa, au ili apate jogoo wa pili. Sijamuuliza na sitamuuliza. Kama alitaka kuniokoa, angeanza kwa kuniachia siku yangu ya tangi. Nauli ya Lamadi kwenda na kurudi elfu kumi, kichujio cha pili elfu thelathini na nane, jogoo wa boksi elfu ishirini na mbili, jogoo wa gari elfu ishirini na tano: hasara yangu ni shilingi elfu tisini na tano, na hakuna kituo cha polisi katika nchi hii kitakachopokea mashtaka.